Siku Niliyoizima Sauti ya Owen

Vijana wangu, mliponiuliza Jumamosi ile kule Woodbridge, baada ya harusi, mkiwa mmenizunguka na waya mikononi, ni kitu gani kigumu zaidi katika kazi ya sauti, niliwajibu haraka kwamba ni ngoma. Nilikuwa na njaa na pilau ilikuwa inapoa. Ngoma ni ngumu kweli, sikuwadanganya. Lakini tangu siku ile swali lenu limenikaa kichwani, na kwa kuwa nimestaafu na asubuhi zangu ni ndefu, nimeona niketi niwajibu sawasawa. Wale ambao Kiswahili chenu ni cha kusikia tu, mwambieni mama awasomee. Na mama akisoma, msimjibu kwa Kiingereza.

Mimi ni Mwanaisha, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Gaithersburg. Wengi huniita Bi Mwana. Nimekuwa fundi wa sauti tangu wengi wenu hamjazaliwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya na bendi zinazopiga muziki wa Kiayalandi, au muziki uliochipuka kutokana nao. Najua mnacheka. Marehemu mume wangu naye alikuwa akicheka. Aliwaambia wageni, "Mke wangu anashinda na wazungu wenye fidla," kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mkewe anafuga nyoka.

Niliingia katika kazi hii na ufagio mkononi. Nilikuwa nasafisha ukumbi mmoja wa jamii, na fundi wa pale alikuwa mzee mmoja mzaliwa wa D.C., jina lake Leroy. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mgongo mbovu. Siku hiyo mgongo ulimshika akiwa amepiga magoti mbele ya jukwaa, akaniita nimshikie stendi ya maikrofoni. Pale jukwaani palikuwa na ngoma yao ya mkononi, duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi, inayoshikwa wima na kupigwa kwa kijiti. Nikamwambia hii ni ndugu ya tari tunalopiga kwetu kwenye maulidi.

"Na hilo tari la kwenu," Leroy akauliza, "ungeliwekea maikrofoni wapi?"

Nikamwonyesha nyuma, upande wa mkono wa mpigaji. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia niiweke huko. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimfundisha Leroy kitu siku ile, mpaka aliponiambia mwenyewe kwamba alikuwa akiweka huko tangu ujana wake. Alikuwa ananipima tu.

Basi akanifundisha. Mengi nilijifunza kwa kuharibu. Mpiga filimbi wa kwanza niliyepewa, nilimwekea maikrofoni mbele ya mdomo kabisa, na ukumbi mzima ukamsikia akihema kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Filimbi huwekewa ubavuni, karibu na vidole. Fidla nayo ina sauti moja ya juu inayochoma kama sindano. Ukiipunguza kidogo watu hawajui umefanya nini, wanajua tu kwamba hawaumwi kichwa. Siku hizi mna tableti, mnatembea nayo uwanjani mkigusa vioo. Sisi tulipoanza tulikuwa na meza ya sauti nzito kama kabati la nguo, tuliibeba watu wanne, na ukishaitua huwezi kuondoka hapo ilipo. Tableti ni bora, sibishani. Ila inawafanya mwinamishe kichwa. Leroy alikuwa akinigonga bega na kuniambia, "Inua macho, watu wako kule."

Na alinifundisha jambo ambalo nataka mlishike kuliko yote. Alisema ukifika uwanjani, kabla hujafungua sanduku hata moja, tafuta watu watakimbilia wapi. Ukipaona, nenda ukaujaribu mlango kwa mkono wako. Mtu akikuambia uko wazi, usimwamini. Ujaribu.

Sasa niwaambie habari za Owen.

Owen alikuwa mpiga fidla wa Annandale. Mama yake, Bibi Eileen, alikuja nchi hii kutoka Ayalandi akiwa msichana, akamlea mwanawe peke yake kwa kazi ya kushona. Owen alizaliwa hapahapa Virginia, lakini fidla yake ilikuwa ya kwao mama yake. Alikuwa na bendi ya watu watatu. Yeye kwenye fidla, msichana mmoja anaitwa Kate kwenye ngoma, na kwenye gita ndugu yetu Musafiri, mtu wa Bukavu, aliyekuwa akifanya kazi hospitali siku za wiki. Musafiri aliingia katika bendi ile kwa sababu alimsikia Owen akipiga sehemu fulani akamwambia mdundo huo kwao upo, akachukua gita akamwonyesha. Kuanzia hapo muziki wao ukawa na kitu ambacho bendi nyingine hazina. Fidla inakimbia, na gita linacheza chini yake kama mtu asiye na haraka. Niliwahudumia miaka mingi. Niliipenda sana bendi ile, na hilo mlijue kabla sijaendelea.

Owen hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu aliyechoka kusubiri. Alikuwa amepiga kwenye mabaa ambako watu wanamsikiliza mwezi wa tatu tu, kwenye sikukuu ya Waayalandi, wakiwa wamevaa kofia za kijani, na miezi mingine wanamgeuzia mgongo waangalie mpira. Hatimaye akapata nafasi kwenye tamasha la mchana, uwanjani, nyuma ya shule moja huko Fairfax. Na akaambiwa kwamba atakuja bwana mmoja anayechagua bendi za kupeleka ng'ambo, kwenye ziara ya miezi mingi. Bwana huyo angekaa saa moja tu, kusikiliza. Owen alinipigia simu kila siku wiki ile nzima. Aliniuliza habari za spika, za waya, za jua litakuwa upande gani. Asubuhi ya tamasha alikuja na mama yake kwenye kiti cha magurudumu, akamweka mstari wa mbele kabisa, karibu na sakafu ya mbao waliyoitandika kwa ajili ya watoto wanaocheza ngoma ya Kiayalandi kwa viatu vigumu.

Jukwaa lilikuwa la vyuma, na juu yake turubai jeupe. Kila upande palikuwa na mnara wa chuma wenye spika. Nilikwenda kwenye ukumbi wa michezo wa shule, ng'ambo ya maegesho ya magari, nikausukuma mlango. Ulikuwa umefungwa. Nikamtafuta msimamizi wa jengo, nikamsumbua mpaka akaufungua na kuweka kiti kuuzuia usijifunge. Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye wasiwasi mwingi, na kwa kweli nilikuwa nao.

Joto la siku ile lilikuwa la kunata. Wenyeji wa hapa mnalijua, lile la kiangazi ambapo nguo inaganda mgongoni na hakuna jani linalotikisika. Bendi ya Owen ilipanda jukwaani mchana ulipokuwa umeiva. Watu walikuwa wameketi kwenye nyasi na watoto wao mpaka karibu na uzio. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri hata mimi nikasahau kazi. Nilimwona yule bwana wa ziara amesimama pembeni, mikono kifuani, mguu wake mmoja ukigonga chini.

Kisha nikasikia kitu kwenye hedifoni. Ulikuwa mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti kikavu. Nikadhani ni waya mbovu. Nikakagua njia moja baada ya nyingine, nikakuta unatoka kwenye gita la Musafiri. Ukaja tena. Nikainua macho kumtazama, na yeye alikuwa ananitazama mimi, kwa maana alikuwa ameusikia kwenye spika za miguuni, zile zinazomrudishia mpigaji sauti yake. Akanionyesha kwa kidevu, upande wa magharibi.

Nyuma ya miti anga lilikuwa na rangi ya chuma cha sufuria. Umeme ulimulika ndani yake bila sauti, na wakati uleule gita likatoa mlio wake. Gita lina sumaku, na sumaku huusikia umeme kabla ya sikio. Ngurumo yenyewe haikutufikia, muziki ulikuwa mkubwa mno. Uwanja mzima watu walikuwa wanapiga makofi, na ni mimi na Musafiri tu tuliokuwa tukisikia kinachokuja.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni na onyo la hali ya hewa. Nikamwita mwandalizi wa tamasha kwenye redio ya mkononi.

"Radi inakuja," nikamwambia. "Tuwaondoe watu."

"Inaelekea Maryland," akajibu. "Subiri kidogo. Usiwatishe watu."

Wimbo ulipoisha nikapanda jukwaani, nikamnong'oneza Owen sikioni. Akaniambia amebakiza nyimbo mbili. Nikarudi. Baada ya wimbo uliofuata nikapanda tena, nikamwambia hatuna muda wa wimbo mwingine. Alinigeuzia mgongo, akaanza kupiga, na akaanza kwa kasi, ili wenzake wasipate nafasi ya kusita.

Milio ya gita sasa ilikuwa inafuatana. Upepo wa kwanza ukapita, wa baridi, kama mtu amefungua friji. Turubai likajivuta likaachia. Nikatazama mnara wa spika wa kushoto, nikauona unayumba kidogo tu, kiasi cha kidole. Leroy alikuwa amenionya kwamba mnara ukiyumba kiasi cha kidole, uko njiani kuanguka.

Hapa ndipo penye jibu la swali lenu. Kuweka sauti ni kazi unayoweza kufundishwa. Kuizima, mbele ya watu wanaofurahi, wakati mtu ambaye unaipenda kazi yake amesimama pale akipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yake, hakuna anayekufundisha. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo cha tableti na kilikuwa kizito. Nilimtazama yule bwana wa ziara. Nilimtazama Owen. Nikateremsha kila kitu mpaka chini.

Uwanja ukanyamaza ghafla, kisha watu wakaguna. Owen akageuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu, na msije mkafikiri kwamba mtu huzoea.

Nilidhani ataacha. Badala yake alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akaendelea kupiga bila spika. Na watu, kwa kuwa hawakumsikia tena vizuri, wakainuka na kusogea mbele. Wote. Walijaza sakafu ya watoto, wakajibana chini ya turubai, katikati ya ile minara miwili ya chuma, wakiwa wamewabeba watoto mabegani ili waone. Nilikuwa nimezima sauti ili waondoke, nao sasa walikuwa mahali pabaya kuliko pale walipokuwa.

Nikafungua maikrofoni yangu peke yake, nikawaambia kwa utaratibu kwamba kuna radi, waende kwenye ukumbi wa michezo. Wachache waliondoka. Wengine walinigeukia, wakamgeukia tena Owen. Nani anamsikiliza mwanamke mwenye hijabu aliyesimama kwenye meza ya waya, wakati mwenye bendi mwenyewe anapiga?

Nikakimbia hadi ubavuni mwa jukwaa. Musafiri alikuwa amesimama na gita, hapigi.

"Musafiri, mwambie Owen."

"Nimemwambia, dada. Hataki kusikia."

"Basi tufanye nini? Hawa watu watakufa hapa."

Akatazama kundi lile, akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Batu ni bengi. Tutabapeleka wapi?"

"Ukumbi uko wazi. Ule mlango wenye kiti, unauona? Nimeufungua mwenyewe asubuhi."

Akautazama mlango, akamtazama Owen, rafiki yake wa miaka mingi. Niliona anachokipima. Kisha akasema, "Bon," yaani haya basi, akachomoa waya wa gita, akamwita Kate kwa jina. Sijui alimwambia nini, nilimwona Kate akishika ngoma yake kifuani. Wakashuka ngazi pamoja na kuanza kupiga mwendo wa kutembea, ule mdundo mzito unaoivuta miguu, Kate akiipiga ngozi ile kwa nguvu zake zote, Musafiri nyuma yake akikwangua nyuzi. Wakapita katikati ya watu na kuelekea kwenye maegesho.

Wale watoto wachezaji ndio waliofuata kwanza. Walikuwa wamevaa viatu vyao vigumu, na walipofika kwenye lami vikaanza kugonga kwa pamoja. Wazazi wakawafuata watoto. Halafu wengine wote wakafuata wazazi, kwa maana hakuna anayetaka kubaki mahali ambapo muziki umeondoka. Uwanja ulikuwa unamiminika kuelekea kwenye mlango ule. Mvua ikaanza kwa matone makubwa, machache.

Nikageuka. Jukwaani alikuwa amebaki Owen. Na chini yake, mstari wa mbele, Bibi Eileen peke yake kwenye kiti chake.

Nikamkimbilia Bibi Eileen. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamezama kwenye nyasi zilizokanyagwa. Nikasukuma, hayakusogea. Nikamwita Owen. Alikuwa ameacha kupiga. Alisimama na fidla mkono mmoja na upinde mkono mwingine, akitazama juu, turubai likijaa upepo na kupiga kishindo juu ya kichwa chake. Nikamwita tena. Hakugeuka. Ndipo nilipofahamu kwamba huu haukuwa ubishi tena. Alikuwa ameogopa mpaka mwili umegoma.

Nilipanda jukwaani kwa mara ya tatu. Nilimshika kifundo cha mkono, nikautoa ule upinde kwenye vidole vyake kimojakimoja.

"Owen. Mama yako amekwama."

Akanitazama kama ninazungumza kutoka mbali.

"Mama yako amekwama kwenye nyasi. Siwezi peke yangu."

Akaingiza fidla ndani ya shati, tukashuka. Alitaka kukisukuma kiti mbele, kama nilivyofanya mimi. Na hapo ikanijia akili ya kazi, ile ya kubeba masanduku ya spika kwenye matope miaka nenda rudi. Mzigo wenye magurudumu madogo mbele, kwenye nyasi, huvutwa kinyumenyume. Nikamwambia, "Kigeuze, tuvute." Tukakigeuza. Kikatoka. Tukawa tunarudi nyuma kuelekea kwenye lami, sisi wawili tukivuta, Bibi Eileen akiwa ameelekea jukwaani, mikono yake imeshika sana pembe za kiti. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeona vizuri. Sisi tuliona kwa kuinua macho tu.

Turubai lilijaa likapasuka upande mmoja, likanyanyuka na kuondoka na nguzo yake. Mnara wa kushoto ukafuata. Haukuanguka haraka kama mnavyoona kwenye filamu. Uliinama, ukasita, kisha ukalala wote juu ya sakafu ya watoto na mistari miwili ya viti vya mbele, na spika zikatawanyika kwenye nyasi. Kelele yake niliisikia kifuani. Owen alitoa sauti moja tu, ya chini, tukaendelea kuvuta.

Tulipoingia ukumbini nilihesabu watu wangu kwa macho. Musafiri, Kate, watoto wa viatu, wazazi wakipanguza vichwa vya watoto kwa vitambaa vya mezani. Msimamizi wa jengo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kile kiti, rangi imemtoka. Hakuna aliyeumia. Mwandalizi naye alikuwemo, akimweleza mtu kwenye simu jinsi mpango wake wa kuwaondoa watu ulivyokwenda vizuri. Nilimwacha na mpango wake.

Ngurumo ilikuwa ikitikisa vioo na watoto walikuwa wanalia. Kate akaanza kugonga ngoma taratibu kuwatuliza. Musafiri akajiunga. Owen alikuwa amesimama ukutani, maji yakimtiririka, fidla mkononi. Nikaenda nikampa upinde wake. Akaupokea bila kunitazama. Akaupangusa kwenye kola ya shati, sehemu pekee iliyokuwa kavu, akaenda kuketi sakafuni karibu na miguu ya mama yake, akapiga.

Mimi sikuwa na cha kufanya. Sikuwa na meza, sikuwa na waya wala hedifoni. Niliketi kwenye sakafu ya mbao kama watu wengine, nguo zangu zikichuruzika, nikasikiliza kwa masikio matupu. Katika miaka yote ile sikuwahi kuisikia bendi ile bila kuwaza nipunguze nini, niongeze nini. Niligundua kwamba Owen huvuta pumzi kidogo kabla ya kila noti ndefu. Nililia, na kwa kuwa kila mtu alikuwa na maji usoni hakuna aliyejua.

Yule bwana wa ziara hakuwemo. Mtu mmoja alimwona akienda kwenye gari lake mara tu nilipoizima sauti. Ziara ile ilikwenda kwa bendi nyingine.

Wiki chache baadaye nilikutana na Musafiri dukani Gaithersburg, duka la nyama la halali, tukiwa kwenye foleni. Alizungukazunguka kwanza, akaniuliza habari za nyumbani, habari za magoti yangu. Kisha akasema, "Dada, Owen amechukua mtu mwingine wa sauti."

"Ni fundi mzuri?"

"Ni kijana tu. Anaangalia tableti."

"Na wewe utabaki naye?"

"Nitabaki. Ni rafiki yangu." Akasogea hatua moja kwenye foleni. "Hakunilaumu mimi, vraiment, kweli kabisa. Hajasema kitu kabisa kuhusu siku ile. Hata neno moja."

Nilimwambia hakuna neno. Nilifika nyumbani nikaiweka nyama kwenye jokofu nikaketi jikoni bila kuwasha taa. Niliumia, vijana wangu. Nilifanya kazi na bendi nyingine, nyingi tu, na sauti yangu haikuwa mbaya. Lakini kila nikipata kazi upande wa Virginia nilikuwa najikuta ninasikiliza kama simu italia, labda ni Owen.

Ilikuwa karibu mwaka mzima umepita Bibi Eileen aliponipigia mwenyewe. Akaniambia niende Annandale kunywa chai, siku ambayo Owen hayupo. Nilikwenda. Nyumba yao ni ndogo, yenye cherehani sebuleni, na ukutani picha za Owen na fidla tangu fidla inamzidi ukubwa. Aliniandalia chai nyeusi kali, akaniuliza kama naweza kula keki yake, safari hii hakuitia pombe, kwa ajili yangu. Tukazungumza habari za hali ya hewa kama watu wanaoogopa jambo jingine. Mwishowe akakiweka kikombe chini.

"Owen anajua ulichokifanya," akasema. "Usidhani hajui. Ila ulimwona amesimama pale. Kila akikuona wewe, anajiona yeye mwenyewe pale juu. Hawezi."

"Sikufanya ili anishukuru, mama."

"Najua. Lakini umekuwa ukisubiri."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Alikuwa ananitazama kwa macho yale ya mtu aliyepima nguo za watu maisha yake yote na hadanganywi kuhusu kipimo.

"Ndiyo," nikasema. "Nimekuwa nikisubiri."

Akanyoosha mkono juu ya meza, akaushika wangu. Mkono wake ulikuwa mwepesi na wa baridi.

"Aliyekuwa kwenye kiti kile ni mimi," akasema. "Asante, Mwanaisha."

Hakuna aliyewahi kulitamka jina langu lote katika nyumba ile. Nilikiinua kikombe nikajificha nyuma yake, naye akaniacha nijifiche mpaka nilipokuwa tayari, kisha akanikatia kipande kingine cha keki. Tulikaa pale tukizungumza habari za watoto wetu, yeye mmoja na mimi watatu, mpaka jua likaondoka dirishani.

Jioni ile nilirudi Gaithersburg kwa njia ya moja kwa moja. Na kuanzia siku hiyo, kila nikiwa na kazi Virginia, sikuchepuka tena kupita mbele ya nyumba yao nikiangalia kama gari la Owen lipo, kama nilivyokuwa nikifanya mwaka ule mzima bila kumwambia mtu.